Bahasha Kwenye Droo

Leo nina habari ya kinyesi. Aliye mezani amalize kula kwanza, au apunguze sauti kidogo, ila redio asiizime.

Mwezi uliopita nilitimiza miaka 50. Zawadi ya kwanza kunifikia hapa Northfield, Birmingham, haikutoka kwa mke wangu wala kwa watoto. Ilitoka NHS, ile huduma ya afya ambayo Waingereza waliizindua tarehe 5 Julai 1948, wanaisema vibaya kila siku, na mtu akitaka kuigusa wanalia. Ilikuwa bahasha. Ndani mna barua, picha za maelekezo, kichupa cha plastiki chenye kijiti kwenye kifuniko, na bahasha nyingine ya kurudishia isiyohitaji stempu. Unachomoa kijiti, unakigusisha kwenye haja kubwa kabla haijaingia majini, unakirudisha kichupani, unaandika tarehe, unatia posta. Maabara wanatafuta damu ambayo jicho halioni. Kwa jumla, kazi ya dakika mbili.

Niliiacha mezani. Akaja mzee mmoja jirani yangu, mtu wa Mombasa, kunywa chai kama kawaida yake ya Jumamosi. Akaitazama, akacheka.

"Na mimi wameniletea tatu. Ziko kwenye droo pamoja na betri za redio."

Nikamwambia, "Mzee, mbona hukuzituma?"

"Mdogo wangu, mimi nimetoka kwetu Mvita na heshima zangu. Leo nikatie posta mavi?"

Nisameheni, nanukuu. Tulicheka wote wawili mpaka chai ikamwagika. Alipoondoka ndipo nikapiga hesabu. Bahasha hizi huja kila baada ya miaka miwili. Tatu ni miaka minne au zaidi. Kwa miaka yote hiyo hakuna mtu aliyeangalia ndani ya utumbo wa yule mzee, na si kwa kukosa fedha, maana hapa hakuna anayedaiwa hata senti.

Mpango huu ulianza Uingereza mwaka 2006, kwa watu wa miaka 60 hadi 69, kisha ukaongezwa hadi 74. Kipimo cha zamani kilikuwa adha kweli: ulitakiwa uchukue sampuli kutoka kwenye haja tatu tofauti, uzipake kwenye kadi. Mwaka 2019 wakaleta hiki cha kichupa, mara moja tu basi, na umri wa kuanzia ukashushwa kidogo kidogo hadi 50. Sababu ya hangaiko lote hilo ni hesabu moja. Saratani ya utumbo mpana ikikutwa hatua ya kwanza, zaidi ya watu tisa kati ya kumi wako hai baada ya miaka mitano. Ikikutwa hatua ya nne, imeshahamia kwenye ini au mapafu, anabaki kama mmoja kati ya kumi.

Watafiti waliangalia mialiko milioni 2.6 ya mwanzo iliyotumwa na mpango huo, wakachapisha majibu mwaka 2011. Kwenye mitaa yenye nafuu zaidi, watu 61 kati ya 100 walirudisha kipimo. Kwenye mitaa maskini zaidi, 35. Bahasha ni ile ile, posta imeshalipiwa, na bado kuna watu 26 katika kila mia waliopotea njiani. Mitaa yenye mchanganyiko mkubwa wa watu wa mataifa mengine nayo ilikuwa nyuma.

Hapo ndipo baadhi yetu tunaanza kusema, "Ah, wageni hao, hawaelewi." Ngojeni kwanza. Anayeifahamu Northfield hawezi kusema hivyo. Sisi tuko kusini-magharibi mwa Birmingham, kwenye barabara ya Bristol Road South, na ukiteremka kidogo tu unafika Longbridge. Herbert Austin alianzisha kiwanda chake cha magari pale mwaka 1905. Mini ya kwanza, mwaka 1959, ilitoka mikononi mwa watu wa mitaa hii. Aprili 2005 kampuni ya MG Rover ikaanguka, na watu wapatao 6,000 wakarudi nyumbani. Wale wanaume nawaona mpaka leo, wanasubiri basi namba 63 na mifuko yao ya dukani. Ni Waingereza watupu, Kiingereza chao ndicho cha kuzaliwa, na barua ya NHS inaandikwa kwa lugha yao. Nao wana droo zao. Mmoja niliwahi kufanya naye kazi ya ulinzi alikuwa akienda chooni mara tano kwa zamu na kurudi amekunja uso. Nilipomuuliza, aliniambia ni bia. Tulimzika akiwa na miaka 61.

Kwa hiyo aibu haina pasipoti. Ila ya kwetu ina msamiati wake, na msamiati wenyewe una neno moja linaloua: bawasiri. Mtu akiona damu chooni, Mswahili wa Birmingham, wa Tanga au wa Lamu, jibu analo tayari. Bawasiri hiyo. Wengine huita mgoro. Dawa yake inajulikana, kuna mwanamke anayeileta kutoka nyumbani ndani ya chupa ya Fanta, na kweli mara nyingi huwa ni bawasiri, ndiyo maana neno limepata nguvu. Lakini damu haivai jina. Ya bawasiri na ya saratani zote zaweza kuwa nyekundu. Ukiona damu, au choo kimebadilika tabia wiki hata wiki, au unakonda bila kufunga, au unachoka na kuishiwa damu mwilini pasipo sababu, mwache wa chupa ya Fanta, nenda kwa GP, daktari wako wa mtaa. Siku hizi hata yeye ataanza na kichupa hicho hicho kabla ya kukupeleka kwenye kamera.

Kuna na wale wanaosema huu ni ugonjwa wa Wazungu. Hao si waongo kabisa, wana historia yao. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, alikuwako daktari wa upasuaji wa Kiayalandi, Denis Burkitt, mwenye jicho moja, jingine alilipoteza utotoni. Dunia inamkumbuka kwa uvimbe wa taya za watoto aliouandika mwaka 1958 na ambao leo una jina lake. Lakini Burkitt aliona na jambo jingine: saratani ya utumbo mpana ilikuwa nadra sana kwa Waafrika wa vijijini. Akaihusisha na chakula chenye nyuzinyuzi, na mwaka 1972, pamoja na wenzake, akachapisha hesabu za uzito wa kinyesi cha watu wa nchi mbalimbali na saa ambazo chakula huchukua kupita tumboni. Naam, bingwa mzima akipima vinyesi kwenye mizani. Mzee wa Mvita akilisikia hili atajua kwamba hakuonewa peke yake.

Tatizo ni kwamba yule Mganda wa Burkitt alikuwa anakula maharage, viazi na mboga, na anatembea kwa miguu kwenda shambani. Wewe wa Northfield unatoka shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee, unapitia kuku wa kukaanga, nyumbani unajipasha soseji, unalala mchana. Oktoba 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka nyama za viwandani, yaani soseji, bekoni na wenzao, kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani. Utumbo uliouleta kutoka kwenu haujui kwamba ulizaliwa Masaka. Unajua unacholishwa.

Haya, tuseme damu imeonekana. Sasa unapanda treni Northfield. Kituo kinachofuata ni Kings Norton, halafu Bournville kwenye kiwanda cha chokoleti cha Cadbury, halafu Selly Oak, halafu University, na hapo unaliona jengo jeupe la hospitali ya Queen Elizabeth lililofunguliwa mwaka 2010. Haifiki robo saa. Wapo watu kwetu ambao robo saa hiyo imewachukua mwaka mzima.

Watu hudhani daktari wa saratani ya tumbo ni mtu mmoja mwenye kisu. Zamani ilikuwa karibu hivyo. Tangu ripoti ya Calman na Hine kuhusu huduma za saratani, ya mwaka 1995, kila mgonjwa wa saratani hapa hujadiliwa na jopo: daktari wa upasuaji, daktari wa kemo na mionzi, msomaji wa picha, mtaalamu wa maabara anayeangalia kipande cha nyama kwenye darubini, na nesi wa saratani ambaye kwa maoni yangu ndiye roho ya jambo lote. Picha za tumbo lako zinawekwa ukutani, wanabishana kwa dakika chache, wanakata shauri: apasuliwe kwanza, au apewe dawa kwanza, au asipasuliwe kabisa, apunguziwe maumivu na aishi vizuri siku alizonazo. Hili la mwisho nalo ni tiba. Kisha mmoja wao lazima atoke nje ya chumba akakutazame usoni.

Hapo ndipo kazi ngumu inapoanza, na hapo ndipo watu wetu wanapoangukia.

Niliwahi kufanya ukalimani, miaka ya nyuma, katika hospitali moja ya nchi hii ambayo siitaji. Siku moja niliitwa nikiwa nimechelewa. Mama mmoja mwenye asili ya Kongo alikuwa ameshatoka kwa daktari, na aliyemtafsiria alikuwa binti yake wa miaka 13, ametolewa shule. Nikamuuliza yule binti wameambiwaje. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha Bukavu, huku anaangalia viatu, kwamba amemwambia mama ana kidonda tumboni. Neno lenyewe alilielewa vizuri sana. Hakuweza kulitoa mdomoni mbele ya mama yake. Nani angeweza, kwa umri ule? Mama akaenda nyumbani na kidonda, na kidonda hupona. Miadi miwili iliyofuata hakuja. Hospitali ikaandika kwenye faili kwamba mgonjwa hakuhudhuria.

Hebu litafakarini neno hilo, "hakuhudhuria". Ndani ya neno moja kosa lote limewekwa begani mwa mama. Mkalimani katika hospitali za hapa ni haki yako na halipiwi na mgonjwa. Ulizia siku unayopewa miadi, si siku ya kufika. Na mtoto usimbebeshe.

Kisha kuna mambo ambayo hata mkalimani bora hawezi kuyatafsiri kama daktari mwenyewe hajui kuyauliza. Baada ya upasuaji wa saratani ya tumbo, hapa unapewa sindano za kuzuia damu kuganda, kwa siku 28, unajichoma mwenyewe tumboni. Dawa hiyo, heparini, hutengenezwa kutoka kwenye utumbo wa nguruwe. Aliyeathirika kongosho hupewa vidonge vya kusaidia kumeng'enya chakula, Creon kwa jina la dukani, navyo ni vya kongosho la nguruwe. Kwa sindano upo mbadala wa kutengenezwa maabara. Kwa Creon, hapa Uingereza hakuna. Masheikh wameshalijadili, na mlango wa dharura uko wazi. Lakini daktari asipolisema mwenyewe, mgonjwa atalisoma peke yake usiku kwenye kile kikaratasi cha dawa, ataacha kumeza, atakonda, na kliniki watashangaa kwa nini mzee haongezeki uzito.

Mfuko wa kinyesi ndiyo habari nzito zaidi. Wengine hukatwa utumbo wakatolewa njia mpya tumboni, na mfuko ukabandikwa pale. Swali la kwanza la mwanamume wa Kiislamu mara nyingi si kama atapona. Ni "nitaswali vipi?" Fikihi inamjua mtu wa namna hii tangu kale, mwenye udhuru, ambaye hutawadha kwa kila swala na kuendelea hata kama kinachotoka hakizuiliki. Nesi anayelifahamu hilo, au anayejua imamu wa kumpigia simu, ameokoa zaidi ya utumbo. Nimemwona mtu amekataa upasuaji kwa sababu ya swali hilo moja ambalo hakuna aliyemjibu, na kwa Kiingereza asingeweza kuliuliza.

Na pengine ubaguzi uko ndani ya kipimo cha damu, bila mtu yeyote kukusudia ubaya. Dawa inayotumika sana kwa saratani za tumbo ni ya tangu mwaka 1957, fluorourasili, na ndugu yake wa vidonge. Kuna watu wachache ambao mwili wao hauwezi kuivunja, na kwao dozi ya kawaida ni sumu, yaweza kuua. Mwaka 2020 NHS ikaanza kupima damu kabla ya kuanza dawa hiyo. Jambo zuri. Lakini kipimo kilipoanza kilitafuta alama nne za kurithi, na alama hizo zilipatikana hasa kwa kuchunguza watu wa asili ya Ulaya. Iko alama nyingine ambayo Wazungu karibu hawana, na watu wenye asili ya Afrika wanayo kama watatu hadi watano kwa kila mia. Haikuwa kwenye orodha ile. Kwa hiyo Mwafrika angeweza kuambiwa "uko salama" na karatasi ambayo haikumtafuta. Ukianzishiwa dawa hizo, muulize daktari wako: kipimo changu kimeangalia na alama za watu wa kwetu? Ni swali la heshima kabisa, na daktari mzuri atalifurahia.

Sasa nataka kuwapeleka kwa daktari mmoja wa hapa hapa Birmingham, kwa sababu ndiye aliyenibadilisha mawazo. Jina lake Dion Morton, profesa wa upasuaji katika Chuo Kikuu cha Birmingham, fundi wa utumbo mpana. Wataalamu wanamjua kwa utafiti uitwao FOxTROT, wa wagonjwa 1,053, ulioonyesha kwamba ukimpa mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana wiki sita za kemo kabla ya kisu, badala ya kungoja mpaka baada, ugonjwa hubaki au hurudi kwa wachache zaidi: karibu 17 kwa mia ndani ya miaka miwili, dhidi ya zaidi ya 21. Hakuna dawa mpya. Ni zile zile za zamani, zimehamishiwa mbele.

Lakini mimi kilichonishika ni kazi nyingine, ambayo yeye na wenzake wa Birmingham waliifanya na madaktari wa dunia nzima. Mwaka 2018 hadi mwanzo wa 2019 walifuatilia wagonjwa 15,958 waliopasuliwa saratani ya matiti, ya tumbo na ya utumbo mpana, katika hospitali 428 za nchi 82. Wakawahesabu kwa siku 30. Mgonjwa wa utumbo mpana katika nchi maskini alikuwa na hatari ya kufa ndani ya mwezi huo zaidi ya mara nne kuliko wa nchi tajiri.

Ukiniuliza miaka kumi iliyopita, ningekupa sababu bila kusita: wanachelewa. Watu wetu wanachelewa, wanaanza kwa waganga, wanakuja ugonjwa umeshaenea. Hiyo ndiyo hotuba yetu sote, na nusu ya kipindi hiki mpaka sasa imekuwa hotuba hiyo hiyo. Ni kweli kwamba katika nchi maskini wagonjwa walifika ugonjwa ukiwa mbele zaidi. Lakini walipochambua, hatua ya ugonjwa peke yake ilieleza kidogo tu tofauti ya vifo vya mwezi ule wa kwanza. Tofauti kubwa ilikuwa kwa mgonjwa aliyepata matatizo baada ya kupasuliwa. Mshono wa ndani unavuja, homa inapanda, mapigo yanakwenda mbio. Katika hospitali tajiri mtu anaona, anaita, mgonjwa anarudishwa chumba cha upasuaji au anapelekwa kwenye uangalizi maalumu, anapona. Katika nchi maskini, pale ambapo hapana uhakika wa vifaa na vitanda vya kumwangalia mgonjwa baada ya kisu, walikufa watu saba hadi kumi zaidi katika kila mia waliopata matatizo makubwa.

Maana yake nini? Kwamba yule aliyewahi, aliyeshinda aibu, aliyeuza ng'ombe, aliyefika mjini, akapasuliwa na daktari hodari, anaweza kufa usiku wa tatu kwa sababu wodi ya watu 40 ina nesi mmoja. Na sisi tutasimama kaburini tuseme alichelewa.

Timu hiyo hiyo ya Birmingham ilifanya jaribio jingine ambalo ningependa kila waziri wa afya alibandike ukutani. Lilihusu upasuaji wa tumbo wa kila aina, si wa saratani tu. Katika nchi saba, mojawapo Rwanda, na wagonjwa 13,301, walijaribu jambo moja: kabla ya kufunga tumbo, madaktari wote wavue glovu na kuvaa mpya, na vyombo vya kushonea viwe vipya. Hakuna zaidi. Vidonda vilivyopata maambukizi vikapungua kutoka asilimia 18.9 hadi 16. Majibu yalichapishwa mwaka 2022. Glovu, jamani.

Sasa turudi kwenye basi namba 63, saa mbili usiku. Ukipanda Northfield kuelekea mjini utawakuta: wa Kisii, wa Moshi, wa Jinja, wa Goma, sare ndani ya koti, chakula ndani ya kontena. Wengine ni wa kea, yaani wahudumu wa nyumba za wazee, wengine manesi kamili. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwaleta hapa manesi wa Kenya waliokosa ajira kwao. Kisomo wanacho, leseni wanazo, wodi za nyumbani zinawalilia, ila hakuna bajeti ya kuwaajiri. Mimi siwalaumu kabisa wanaokuja, nami nilikuja. Lakini yule mwenye jicho la usiku, anayegundua mapigo yamebadilika saa tisa za usiku na kumwamsha daktari, yule ambaye hesabu za Morton na wenzake zinanifanya niamini kwamba kukosekana kwake kunaua, ndiye huyu anayeshuka kituo cha hospitali. Mzee wa Mvita akipasuliwa hapa, huenda atakayemwokoa usiku wa tatu ni binti wa Malindi. Mdogo wake akipasuliwa nyumbani, binti huyo hayupo.

Na nyumbani zipo kazi za kuvuliwa kofia pia. Kule Bomet, Kenya, hospitali ya Tenwek, wanapambana na saratani ya umio, ambayo inashika ukanda mzima wa Afrika Mashariki kutoka Ethiopia hadi Malawi. Wengi hufika hawawezi kumeza hata mate. Madaktari wa pale wamekuwa wakiwawekea kijibomba cha waya kooni, na walijifunza kukiweka bila ile mashine ya picha ambayo vitabu vinaitaka, kwa sababu ingewabidi wangoje mashine huku mgonjwa anakufa njaa. Mtu anakunywa uji siku hiyo hiyo. Haponi, lakini anakunywa uji na wanawe. Na kwa kuwa tumeifikia hiyo saratani: mwaka 2016 wataalamu wa kimataifa walisema vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 huenda vinaichochea. Tunaojisifia chai inayounguza ulimi, tuiache ipoe kidogo. Haipungui utamu.

Narudi kwenye droo. Yangu niliitia posta Jumanne, kwenye sanduku la Bristol Road South, na sikuona mtu yeyote akinicheka. Wengi wanaotuma, kama 98 kati ya 100, huambiwa hakuna haja ya kipimo zaidi. Wachache wanaobaki huitwa kwa kamera, na wengi wao hukutwa hawana saratani. Wakikutwa na vinyama vidogo ambavyo vingegeuka baadaye, vinakatwa pale pale.

Mzee wangu alikuja tena Jumamosi. Alikuwa ameitoa bahasha ya mwisho kwenye droo, tukakuta kichupa kimepitwa na muda. Akashika simu mwenyewe, akaomba kingine kwa Kiingereza chake cha bandarini, wakaelewana. Kimefika juzi. Hajakitumia bado, lakini hakiko kwenye droo. Kiko chooni, juu ya tangi la maji, anakiona kila asubuhi.

Ukiwa hapa England, una miaka 50 hadi 74, umejiandikisha kwa GP, na bahasha yako hujui iliko, chukua kalamu. Namba ni 0800 707 60 60. Simu haina malipo.